Mama, Nilikuambia Ukae Kisiwani

Mama,

Naandika barua hii ofisini, mchana, mkubwa wangu akiwa mkutanoni na taipureta yangu ikiwa imefunikwa. Sijui niandike anwani gani hapo juu. Ulipokuwa hai ningeandika jina lako na sanduku la shule ya msingi, na mwalimu mkuu angempa mtoto yeyote wa kwetu akuletee. Tangu tukuzike sikuwa na haja ya kuandika. Nilikuwa nikija tu nyuma ya nyumba, karibu na mparachichi, nasimama na kukuambia yangu. Lakini sasa naogopa hupo hapo. Naogopa uko mahali nilipokuacha mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu na kwa haraka zangu.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana hukumpenda mtu wa kurukaruka maneno.

Unaikumbuka ile kalenda ya duka la mbolea? Mwaka wake uliisha, miaka mingine ikaja, na wewe ukakataa katakata itolewe ukutani. Uliifunua kwenye mwezi mmoja tu, wenye picha ya kisiwa: minazi mitatu, mchanga mweupe, na maji pande zote. Ukimaliza kula ulikuwa ukiitazama na kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeweza kuyajibu. "Hawa wakiishiwa na chumvi wanaendanga wapi?" "Na mtoto akishikwa na homa?" Tulikucheka sana mimi na ndugu yangu Makokha. Hukuwahi kutamani viatu wala redio, ila kisiwa, na wewe ndiwe mtu mwoga wa maji kuliko watu wote niliowahi kuwajua.

Mto Nzoia ulimchukua kaka yako ukiwa msichana, na tangu hapo hukuvuka daraja macho yakiwa wazi. Nikiwa darasa la kwanza mimi ndiye niliyekushika mkono kukuvusha kwenda sokoni, wewe umefumba macho unaomba, mimi najitia ushujaa. Tukifika ng'ambo ulikuwa unanikemea kwa jambo lolote lile, mara kamasi, mara vifungo vya gauni, ili nisahau kwamba ulikuwa umetetemeka. Sikusahau, Mama. Niliona fahari kubwa.

Siku moja ukichambua mboga ulisema, "Fanisi, mimi nataka kufika huko mara moja tu, nione vile watu wanakaanga katikati ya maji na hawaogopi. Labda hii uoga yangu itaniacha." Nami nikakujibu bila kufikiri, "Miwa ikivunwa nitakupeleka."

Ikavunwa. Ile ya kwanza ikawa mabati. Ya pili ikawa karo ya Makokha. Ya tatu tulisema ni yako, safari yako, na trela lilipokuja kuipakia ulikuwa udongoni wiki tatu. Nilisimama mlangoni nikawatazama wakataji wakiimba na kurusha miwa juu ya trela, nikatamani niwafukuze wote.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo linaloninyima raha. Siku tuliyokutoa hospitalini hapa Kakamega kukurudisha nyumbani, Senje Rispa, shangazi yetu, alikaa karibu na kichwa chako, mimi nikakaa miguuni. Kila tulipofika darajani alikuwa akigonga jeneza kwa vidole na kusema, "Mama Makokha, hapa ni Lusumu. Tunavuka. Usibaki." Kwenye njia panda, "Tunakata kushoto. Twende nyumbani." Mimi niliona haya, kwa kuwa tulikuwa na watu wa ofisini ndani ya gari, watu wa tai na mikoba. Nilimnong'oneza apunguze sauti. Akanigeukia na macho mekundu: "Mtu anaambiwanga. Wewe ukimnyamazia anabaki njiani, anakaa hapo anashangaa mmeenda wapi."

Basi nilijua. Siwezi kusema sikujua.

Nyumbani kumebadilika, Mama. Dada zako wangekuja leo wangepotea njia. Makokha amepanda miwa hadi karibu na jiko, na pale ulipokuwa na mboga zako za kienyeji ni miwa vilevile. Unga tunanunua dukani kama watu wa mjini. Ukiwa uani humwoni mtu anayekuja mpaka atokeze mbele yako. Wakichoma shamba la jirani masizi yanaangukia nguo zilizoanikwa, na usiku king'ora cha kiwanda kinasikika kana kwamba kiko chumbani. Makokha anasema haya ndiyo maendeleo, na kweli ana baiskeli mpya na kila mtu anamwita bwana. Sikatai. Ila mimi nikipita kwenye kile kijia, majani yakisugua mabega pande zote mbili, naenda mbio kama mtoto. Nilikuwa mwoga hata kabla ya haya yaliyonipata. Nadhani uoga wako ulinirithisha mimi, na Makokha ukamwachia shamba.

Ile kalenda niliikuta siku tulipokuwa tunapanga vitu vyako. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Siku chache baadaye, kwenye ubao wa matangazo posta, niliona karatasi: safari ya kisiwani kwa siku moja, boti yako peke yako na mwongozaji wako peke yako, chakula cha mchana kikiwemo. Ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya wageni wa ng'ambo, hilo lilikuwa wazi kutokana na picha. Nikajiambia, kwa nini nisimpeleke Mama? Nilichukua leso yako ya buluu, ile uliyokuwa ukijifunga ukienda kanisani, nikaikunja ndani ya mkoba.

Nilifuata kila kitu, Mama, wakati wa kwenda. Tulipofika mto Yala niliinama nikanong'ona ndani ya mkoba, "Mama, hapa ni Yala, tunavuka." Jirani yangu wa kiti akasogea kidogo upande wa pili. Kisumu tulilala kwa rafiki yangu tuliyesoma naye, nikakuambia hapa tunalala, kesho ndiyo siku yenyewe. Asubuhi na mapema tulikuwa ufukweni.

Mwongozaji anaitwa Owino, mtu mfupi mwenye kofia ya kitambaa. Alikuwa akimtafuta Mzungu. Aliponiona mimi na mkoba wangu alikagua karatasi yake mara mbili. "Madam, ni wewe Fanisi? Mko watu wangapi?"

Nikasema wawili.

Akatazama nyuma yangu. Ufukweni hapakuwa na mtu ila mwanamke anayeparua samaki. Alichukua majaketi mawili ya kuelea, moja akanipa nivae, la pili akaliweka juu ya ubao kando yangu, taratibu kabisa, kama anamwekea mtu kiti. Nilimpenda kwa hilo. Nilikuambia, "Mama, sasa tunaingia majini, fumba macho," nami nikayafumba yangu.

Sitaki kukudanganya kwamba nilijikaza. Injini ilipowaka nilishika ubao kwa mikono miwili, na sikuuachia hata boti ilipopanda wimbi la kwanza. Maji yalikuwa meusi, Mama. Kwenye kalenda yalikuwa ya buluu. Owino alikuwa akisema maneno yake aliyoyakariri kwa ajili ya wageni, na kwa kuwa hakuwahi kuyasema kwa Kiswahili, yalikuwa yanamkwama. "Upande wako wa kulia unaona, eeh, ile ndege, jina yake ni, ngoja, inakulanga samaki." Kisha akanionyesha viboko, vichwa vitano vimetulia karibu na mafunjo, masikio yanapepea. Alisema usiogope, hawa nawajua. Nilimuuliza kama nao wanamjua. Alicheka akapunguza mwendo, na alipopunguza mwendo ndipo nilipoogopa zaidi, kwa sababu kimya kiliingia na kichwa kimoja hakikuwepo tena juu ya maji.

Lakini tulifika. Nataka ujue hilo, tulifika! Minazi hakuna. Mchanga mweupe hakuna. Kuna mawe makubwa, nyasi ndefu, miti yenye miiba, na kilima kidogo ambacho ukisimama juu yake unaona maji kila unakogeuka. Kuna swala, kuna kenge wakubwa wanaoota jua. Watu hawaishi, Mama. Nilimuuliza Owino swali lako, wakiishiwa na chumvi wanaenda wapi, akasema, "Hapa hakuna mtu wa kuishiwa. Jioni tunaenda sisi wote, wanabaki wanyama."

Pale tuliposhukia kuna mwamba bapa unaotazama maji. Nilitandika leso yako juu yake. Nikasema kwa sauti, sikujali Owino, "Mama, tumefika. Hiki ndicho kisiwa. Kaa hapa upumzike, utazame. Usiondoke, mimi nazunguka kidogo na mwongozaji."

Nilisema hivyo hasa. Kaa hapa. Usiondoke.

Nilizunguka naye. Tulikula samaki na ugali uliopoa, na kwa mara ya kwanza tangu ufe nilihisi njaa ya kweli. Nilijiona mtu aliyetimiza ahadi. Nilicheka hata, Owino alipomtisha kenge na kenge akakataa kutishika. Tulikuwa karibu na kilele alipogeuka ghafla akatazama magharibi. Kulikuwa na wingu jeusi limeshuka hadi majini na upepo umekuwa baridi. "Madam, tunaenda. Sasa hivi."

Nikasema tungoje lipite. Akanishika mkono, mtu ambaye asubuhi yote hakunigusa. "Hii ziwa naijua. Ikifika hapa tutalala na viboko. Kimbia!"

Nilikimbia, Mama. Nilikimbia nikiwaza mimi tu. Viatu nilivivua njiani. Nilipofika kwenye mwamba leso ilikuwa inapeperuka upande mmoja, nikaivuta, nikaisukuma ndani ya gauni, nikaingia botini kwa magoti. Sikutamka neno. Sikusema twende. Sikusema simama. Nilifikiri juu ya pumzi yangu peke yake.

Katikati ya maji, mvua ikitupiga usoni, niliona lile jaketi la pili juu ya ubao. Lilikuwa limelala chali, kamba zake zinachapachapa. Hapo ndipo nilipojua. Nilimpigia Owino kelele ageuze boti. Alidhani nimeangusha mkoba. Nikamwambia, "Nimemwacha Mama!" na yeye, maskini, kwa sekunde moja aligeuka kweli kutazama kisiwani. Kisha akatikisa kichwa. "Madam, nikigeuza sasa tunapinduka."

Basi nikasimama, kwenye boti ile inayoyumba, nikaita. Niliita Mama, nikaita jina lako la nyumbani, nikaita hata jina lako la ubatizo. Injini ilikuwa inanguruma, upepo ulikuwa unarudisha maneno kinywani. Kisiwa kilikuwa tayari hakionekani. Owino alinivuta kwa jaketi akaniketisha chini kwa nguvu, na sina hakika kama hata yeye aliyekuwa hatua mbili kutoka kwangu alisikia nilichosema.

Kurudi kote hadi Kakamega sikukutajia mto wowote. Ningekuwa namwambia nani?

Ungekuwa hapa ungesema mtoto huyu amesoma vitabu vingi vikamchanganya. Mchungaji alisema uko mbinguni, nami niliitikia amina mbele ya watu wote, na nilimaanisha. Najaribu kuishikilia amina ile. Mchana naweza. Lakini kuna jambo moja sijamwambia mtu. Kabla ya safari ulikuwa ukinijia ndotoni karibu kila wiki. Hukuja kwa mambo makubwa, ulikuja kunigombeza. Sufuria imeoshwa vibaya. Ingokho, kuku wetu, amepikwa bila kukaushwa vizuri, nani alinifundisha hivyo. Niliamka nikicheka, siku nzima inakuwa nyepesi. Tangu siku ya kisiwa hujaja hata mara moja. Nimeacha sufuria chafu makusudi. Hujaja.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Senje Rispa. Nilimkuta akipepeta mtama, nikajifanya nazungumzia mwenzangu wa ofisini. Nikamuuliza, Senje, na kama mtu amemwambia marehemu kaa hapa, halafu akasahau kumwambia inuka? Hakuinua macho. "Basi huyo anakaa tu. Wafu wanasikianga neno la watoto wao kuliko nyinyi mnavyosikia letu. Atakaa hapo mpaka arudi yule aliyemwambia." Nikauliza, mtu mwingine hawezi kwenda? "Mwingine atamjuaje?" Kisha akaweka ungo chini, akanitazama moja kwa moja. "Huyo mwenzako wa ofisini, mama yake alikuwa anaogopa nini?"

Nilisema sijui. Nimemdanganya Senje, mtu aliyekupokea ukiwa bi harusi. Sidhani alinisadiki, kwa sababu alinisindikiza hadi njiani akiwa amenishika mkono kupita kwenye miwa.

Sasa leo ni Alhamisi. Jumamosi ni siku ya kugawa nguo zako. Watu wataitwa, obusuma, ugali wetu, itasongwa kwenye masufuria yale makubwa ya kanisa, na Senje atasimama kaburini na kukuita kwa jina, akuambie kwamba watoto wako wamekulilia vya kutosha, upumzike katika boma lako. Makokha atakuwa amevaa koti. Wote wataamini uko hapo. Mimi peke yangu nitakuwa nimesimama nikijua kwamba tunazungumza na udongo, na kwamba wewe mwenyewe umeketi juu ya mwamba kule, macho umefumba, maji pande zote, viboko wanapanda usiku kula nyasi karibu na miguu yako, na wewe unajiambia Fanisi alisema nisiondoke. Mama, nikiwaza hivyo nataka kupiga kelele hapa ofisini.

Ningeweza kunyamaza. Nimelifikiria hilo, sitakuficha. Ningeweza kuipeleka leso pamoja na nguo nyingine, ikatolewa kwa binamu yeyote, na hakuna atakayejua maisha yangu yote. Kwa siku mbili nilikuwa nimekata shauri hivyo. Kilichonishinda ni ule mkono wako. Ulivyokuwa unaukaza kwenye daraja mpaka vidole vyangu vinakufa ganzi, na bado hatua baada ya hatua ulikuwa unakuja, kwa sababu mtoto wa darasa la kwanza alikuambia njoo.

Nimepiga simu kwenye hoteli ya chai ambako Owino hupokea ujumbe. Yeye mwenyewe alikuja kwenye simu. Alisema ziwa wiki hii ni baya, kila mchana linachafuka, wavuvi wenyewe wanatoka alfajiri na kurudi mapema. Nikamwambia sihitaji ndege wala viboko wala chakula. Nahitaji kushuka kwenye ule mwamba, dakika moja tu, na kurudi. Akasema, "Njoo kesho kabla ya jua. Nitaleta majaketi mawili."

Ruhusa nimeomba. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika sababu, nikaandika kwamba naenda kumchukua mama yangu. Mkubwa wangu alikuwa kwenye mazishi yako, alibeba shada. Alisoma, akanitazama, akasoma tena, akatia sahihi.

Naogopa, Mama. Sitaki uniwazie kuwa jasiri. Mikono imelowa, nimefuta karatasi hii mara tatu. Kila nikifumba macho naona kile kichwa cha kiboko ambacho hakikuwepo. Nimemwandikia Makokha kikaratasi na kukiacha kwenye droo yangu, nikimweleza ulipo na nilipo, endapo ziwa litatukatalia. Kama ni hivyo basi angalau atakuwa anajua pa kuja kuita, na atatukuta wawili.

Lakini sitaki iwe hivyo. Nataka nikutajie kila mto wa kurudi, kwa sauti, hata gari lijae watu wa tai na mikoba. Nataka Jumamosi Senje akiita, uwepo. Baada ya hapo pumzika, Mama, na mimi sitakupeleka tena mahali popote. Nakuahidi sitakwambia tena ukae kisha niondoke.

Kwaheri kwa leo. Fumba macho, vumilia usiku huu mmoja. Na alfajiri ukisikia injini, na juu ya injini mwanamke anayelia kwa hofu kama mtoto mdogo, usishtuke. Ni mimi nakuja. Nipe mkono.

Mwanao,
Fanisi